Wilberforce: jina adimu Yorkshire, jina la kawaida kwetu

Ukitoka York kwenda Hull, kaskazini-mashariki mwa Uingereza katika eneo la Yorkshire, barabara inapita kando ya kijiji kiitwacho Wilberfoss, kilomita kama 13 kutoka York. Nchi ya huko ni tambarare na maji hutuama, kwa hiyo tangu zamani mkulima asiyechimba mtaro hakutegemea mavuno. Mtaro mmoja ulikuwa wa mwanamke wa Kisaksoni aliyeitwa Wilburh. Katika hati ya mwaka 1148 kijiji kimeandikwa Wilburcfosse, yaani mtaro wa Wilburh. Neno foss lenyewe asili yake ni Kilatini, lugha ya Warumi waliotawala huko kabla ya Wasaksoni kufika. Karne hiyohiyo ya 12 ilijengwa hapo nyumba ya watawa wa kike wa Mtakatifu Benedikto, nao wakakaa mpaka serikali ya Mfalme Henry wa Nane ilipoifunga mwaka 1539. Kijiji kikabaki na kanisa lake na mashamba yake.

Hapo ndipo lilipotoka jina la ukoo la Wilberfoss, ambalo baadaye likawa Wilberforce. Uingereza ni jina adimu, na mtu anaweza kuishi huko miaka mingi asikutane na mwenye jina hilo. Kwetu magharibi mwa Kenya, na ng'ambo ya mpaka huko Busoga na Buganda, mambo ni mengine kabisa. Nimelisikia tangu utotoni. Ni jina la baba yangu mdogo, ni jina la wanafunzi niliosoma nao, ni jina la mzee wa kanisa aliyekuwa akisoma matangazo kila Jumapili. Nimetaka kwa muda mrefu kuandika habari zake kwa kirefu kwa sababu historia yake husimuliwa nusu. Wanaohesabu majina ya koo za Kiingereza hulifuata hadi ufukweni mwa kisiwa chao, kisha huweka kalamu chini. Sehemu kubwa ya maisha ya jina hili iko huku.

Tuanze na asili. Waingereza hawakuwa na majina ya koo siku zote. Kabla ya Wanormandi kuvuka bahari mwaka 1066, mtu alikuwa na jina lake moja, na akichanganywa na mwingine aliongezewa sifa au kazi ili atambulike. Wenye ardhi ndio walioanza kurithishana majina, watu wa kawaida wakafuata polepole, na kufikia mwaka 1400 hivi familia nyingi za Uingereza zilikuwa na jina linalotoka kwa baba kwenda kwa watoto. Mengine yalitokana na kazi, mengine na jina la baba, mengine na umbo au tabia ya mtu. Mengi sana yalitokana na mahali.

Majina ya mahali yana jambo moja linalonivutia: mara nyingi hupewa aliyeondoka. Ndani ya Wilberfoss haina maana kumwita mtu "wa Wilberfoss", kwa kuwa wote ni wa hapo. Akihamia York ndipo majirani wapya humtambulisha kwa kwao. Kwa hiyo jina la kijiji ukilikuta mbali na kijiji, mara nyingi umekuta nyayo za mhamaji wa kale. Walioachwa nje ya kanuni hiyo ni wenye ardhi, ambao walichukua jina la ardhi yao bila kuhama, na ukoo wa Wilberfoss ulikuwa wa namna hiyo. Walikuwa mabwana wadogo wa mashambani, wakijulikana kwa kijiji walichokimiliki.

Wanaochunguza majina haya hutegemea daftari za serikali na za kanisa. Kuna orodha za kodi ya kichwa za 1377, 1379 na 1381, na hiyo ya mwisho ndiyo iliyowachokoza wakulima mpaka wakaasi. Kuna daftari za parokia zilizoamriwa mwaka 1538, ambamo kila ubatizo, ndoa na maziko viliandikwa. Kuna uandikishaji wa serikali wa vizazi na vifo ulioanza 1837, halafu sensa. Sensa ya 1881 wanaipenda zaidi ya nyingine kwa sababu watu wa kujitolea waliinakili yote, jina kwa jina, hata leo kompyuta inaweza kuchora ramani ya jina lolote na kuonyesha wilaya lilikojazana. Kabla ya kompyuta, daktari mmoja wa meli aliyegeuka mwanasayansi, Henry Brougham Guppy, alichapisha mwaka 1890 utafiti wa majina kwa kila kaunti, na aliwahesabu wakulima peke yao. Hoja yake ilikuwa kwamba mkulima ndiye anayehama kwa shida kuliko wote, kwa hiyo jina lake liko karibu zaidi na lilikozaliwa. Napenda hoja hiyo. Mtu wa Bungoma au wa Kisii ataielewa bila kuelezwa mara mbili.

Kinachojitokeza katika ramani hizo ni kwamba majina mengi ya Kiingereza, baada ya miaka mia tano na zaidi, mwaka 1881 yalikuwa bado yamejibana karibu na yalikoanzia. Reli ilikwishajengwa, viwanda vya Leeds na Manchester vilikwishavuta watu kutoka mashambani, na bado doa zito la ramani linabaki palepale. Yorkshire inajulikana sana kwa hilo. Mabonde yake yana majina ambayo ukivuka kilima huyapati tena.

Sasa, kwa nini jina liwe adimu? Sababu ya kwanza ni chimbuko lenyewe. Mhunzi alikuwepo kila kijiji, ndiyo maana jina Smith lilizaliwa mahali pengi mno kwa watu wasiokuwa ndugu. Wilberfoss ni kijiji kimoja tu. Sababu ya pili ni mauti. Tauni ya 1348 na 1349 iliua kati ya theluthi na nusu ya watu wa Uingereza, na majina mengi yaliyokuwa ndiyo kwanza yanashika mizizi yakazikwa na wenyewe.

Hata bila tauni, jina linalorithiwa kwa mtoto wa kiume peke yake haliko salama. Mwaka 1873 mwanasayansi Mwingereza, Francis Galton, aliuliza hadharani ni kwa nini koo zilizokuwa maarufu hutoweka, na kasisi mwanahisabati, Henry William Watson, akalifanyia swali hilo hesabu. Mwaka uliofuata wakatoa makala yao. Hesabu yenyewe ni ndefu, lakini kiini chake hakina utata. Kama kila mwanamume kwa wastani anaacha mwana mmoja wa kiume, basi jina lililoanza na mtu mmoja lazima litakwisha siku moja. Baba mwenye mabinti watupu, kijana aliyefia vitani, mseja aliyejitoa kwa kanisa: kila mmoja wao anapunguza wabebaji, na anayefidia pengo ni ndugu mwenye wana watano. Jina adimu lililodumu tangu karne ya 12 limepita kwenye tundu hilo la sindano kizazi baada ya kizazi.

Karibu na wakati wetu, wanajenetiki wa Chuo Kikuu cha Leicester walipata njia nyingine ya kulipima jambo hili. Kromosomu Y, sehemu ya vinasaba iliyo kwa wanaume tu, hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, njia ileile ya jina la ukoo la Kiingereza. Katika utafiti uliochapishwa 2006 walichukua jozi 150 za wanaume wasiojuana, kila jozi ikiwa na jina moja la ukoo. Karibu robo ya jozi hizo zilikuwa na babu mmoja wa upande wa kiume katika karne za karibuni. Kwa majina adimu kiasi kilipanda hadi karibu nusu. Akina Smith wanafanana na umati wowote wa Waingereza, ilhali wawili wenye jina adimu wakikutana ugenini wana sababu nzuri ya kuulizana habari za babu.

Siwezi kupita hapa bila kutaja lililogunduliwa na kundi hilohilo mwaka 2007, tena katika eneo lilelile la mashariki mwa Yorkshire. Mwanamume Mwingereza, mweupe, asiyejua kuwa na asili yoyote ya nje, alikutwa na aina ya kromosomu Y iitwayo A1, ambayo ni ya Afrika Magharibi na hata huko ni ya nadra. Jina lake la ukoo lilikuwa adimu, la mashariki mwa Yorkshire. Wakatafutwa wanaume 18 wenye jina hilo na saba wakakutwa na alama hiyohiyo. Nyaraka ziliwagawa katika matawi mawili yanayorudi hadi Yorkshire ya mwishoni mwa karne ya 18, na jenetiki ikaonyesha kwamba matawi hayo yanakutana vizazi vichache nyuma zaidi. Yaani Mwafrika mmoja aliacha uzao Yorkshire, uzao ukabeba jina la Kiingereza hadi leo, na sura zao hazikusema lolote. Huenda alikuja na Warumi, ambao waliweka kikosi cha Wamoro, watu wa Afrika Kaskazini, kwenye ukuta wa Hadrian, ngome yao ya mpakani kaskazini mwa Uingereza, au aliletwa na biashara ya utumwa. Ninapofikiria Wilberforce zetu wa Bungoma huwa nakumbuka familia hiyo. Kwao damu ilitoka Afrika ikavaa jina la Yorkshire. Kwetu jina peke yake ndilo lililosafiri.

Lilisafiri kwa sababu ya mtu mmoja. Tawi moja la ukoo wa Wilberfoss lilifika Hull, bandari iliyofanya biashara na nchi za bahari ya Baltiki, likafanya biashara na kutajirika. Mfanyabiashara wa ukoo huo, aliyekuwa meya wa Hull mara mbili, ndiye anayetajwa kuwa aliigeuza tahajia ikawa Wilberforce. Mjukuu wake, William, alizaliwa Hull tarehe 24 Agosti 1759, akaingia bungeni 1780, na mwaka 1789 akasimama mbele ya bunge kudai biashara ya utumwa ikomeshwe. Mwaka 1791 mswada wake ulishindwa kwa kura 163 dhidi ya 88. Aliurudisha tena na tena, na mwaka 1807 ukapita bunge hilohilo kwa kura 283 dhidi ya 16. Alifariki tarehe 29 Julai 1833, siku chache baada ya kupata habari kwamba mswada wa kuwaachilia watumwa wa makoloni umepita katika bunge la makabwela. Akazikwa Westminster Abbey.

Shuleni tulifundishwa kwamba Wilberforce alikomesha utumwa, nukta. Naona ni dhuluma kuisimulia hivyo. Thomas Clarkson alizunguka bandari za Uingereza akikusanya ushahidi ambao Wilberforce aliutumia bungeni. Olaudah Equiano, mtu aliyewahi kuwa mtumwa, aliandika maisha yake mwaka 1789 na akazunguka kuyauza mji hadi mji. Watumwa wa Haiti waliinuka 1791 na wa Jamaika Krismasi ya 1831, na hofu yao iliingia katika kila hesabu iliyofanywa London. Tena sheria ya 1807 haikumgusa mtumwa hata mmoja aliyekuwa akitembezwa kutoka Tanganyika hadi Bagamoyo. Upande wetu wa bahari biashara hiyo ilizidi kukua, karafuu za Unguja zikidai mikono, na soko la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Mtoto anayeitwa Wilberforce ana haki ya kuyajua haya pamoja na jina lake.

Huko Uingereza jina liliendelea kuwa la familia moja na matawi yake. William alikuwa na watoto sita. Kati ya wanawe wanne, watatu wakawa makasisi, na mtawanyiko wa jina ukafuata vituo vya kanisa. Robert alihudumu Kent kisha akarudi Burton Agnes, mashariki mwa Yorkshire. Samuel alihudumu Isle of Wight, akawa askofu wa Oxford na baadaye Winchester, na ndiye aliyekabiliana na mwanasayansi Thomas Huxley mwaka 1860 katika mjadala wa nadharia ya Darwin. Henry alikuwa East Farleigh, Kent. Ndiyo maana jina la kijiji cha kaskazini lilionekana makanisani kusini, bila wimbi lolote la wakulima kuhama. Utafiti wa Guppy wa kuhesabu wakulima usingeweza kuliona.

Waliofuata pia walikuwa wachache na wakajulikana. Octavia Wilberforce, aliyezaliwa 1888, alipigania kusomea udaktari wakati wasichana wa tabaka lake walitarajiwa kuolewa tu, akafanya kazi Brighton. Richard Wilberforce, aliyezaliwa Jalandhar, India, mwaka 1907, alikuwa jaji wa ngazi ya juu kabisa Uingereza. Waliosomea sheria Nairobi, Kampala au Dar es Salaam wanamjua kwa hukumu ya Anns ya mwaka 1977 kuhusu uzembe, ambayo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulazimika kuieleza.

Nje ya Uingereza jina liliacha kuwa la ukoo. Kwanza likawa tena jina la mahali, kama lilivyoanza. Juu ya vilima vya Freetown, Sierra Leone, Waafrika waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa walikaa katika kijiji kilichopewa jina Wilberforce, leo ni sehemu ya jiji. Hull na Freetown ni miji dada hadi leo. Ohio, Marekani, chuo kikuu cha Wilberforce kilianzishwa 1856 kwa ajili ya watu weusi, na mji ulio kando yake unaitwa hivyohivyo.

Kuja kwetu, njia ilikuwa ya misheni. Wilberforce alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Church Missionary Society, CMS, mwaka 1799. Chama hicho ndicho kilichomtuma mmisionari Krapf, aliyefika Mombasa 1844, na ndicho kilichofungua Frere Town mwaka 1875, makao ya watumwa waliokombolewa. Aliyewahi kupita Kengeleni, Mombasa, ameiona ile kengele yao. Wengi wa waliofika hapo mwanzo walikuwa wamelelewa katika shule ya misheni ya Nasik, India, baada ya manowari za Kiingereza kuwakamata kutoka majahazini, na huko walikuwa wamepewa majina mapya kamili, la ubatizo na la ukoo. Matthew Wellington alikuwa Myao. Jacob Wainwright pia alikuwa Myao. Wellington ni mji wa Somerset, Wainwright ni fundi wa magari ya kukokotwa na farasi, jina la kaskazini mwa Uingereza. Wote wawili walikuwamo katika msafara ulioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani, na Wainwright akaenda nao hadi London, akawa mmoja wa walioshika jeneza Westminster Abbey mwezi Aprili 1874. Alifariki Urambo mwaka 1892. Wellington aliishi Mombasa hadi 1935. Hawa walikuwa miongoni mwa wa kwanza kwetu kubeba majina ya koo za Kiingereza, na waliyabeba kwa sababu majina ya kwao yalikuwa yamefutwa na aliyewauza.

Magharibi mwa Kenya na Uganda haikuwa hivyo. Huku mtu alibaki na jina lake la nyumbani. Wekesa bado alizaliwa wakati wa mavuno, Wafula wakati wa mvua, Wanjala wakati wa njaa. Kanisa lilidai jina la ziada, na si lazima liwe la Biblia. Wamisionari wa CMS, waliofika Buganda 1877 na kutoka huko wakaja hadi Maseno na Butere, walikuwa na mashujaa wao, nao waumini wakawapenda mashujaa hao. Kwa hiyo majina ya koo ya watu wakubwa wa Kiprotestanti yakawa majina ya ubatizo: Livingstone, Hannington, Wycliffe, Wilberforce. James Hannington aliuawa Busoga mwaka 1885 akiwa njiani kuingia Uganda, na kumbukumbu yake imebaki katika vijana wa Uganda wanaoitwa Hannington kuliko pengine popote Uingereza.

Wycliffe nayo inatoka Yorkshire ya zamani. Ni kijiji kidogo kando ya mto Tees, ambacho tangu 1974 kinahesabiwa kaunti ya Durham. John Wycliffe, mtu wa ukoo wa kijiji hicho, alifariki 1384, na watu wake ndio walioitafsiri Biblia kwa Kiingereza. Kanisa lilimhukumu akiwa amekwishakufa, na mwaka 1428 mifupa yake ikafukuliwa, ikachomwa, majivu yakatupwa mtoni. Leo Wycliffe ni jina ambalo kila Mkenya analijua: Wycliffe Musalia Mudavadi, Wycliffe Oparanya. Mwanariadha Wyclife Kinyamal, anayeandika jina lake kwa f moja, alitwaa dhahabu ya mita 800 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 2018 na tena Birmingham mwaka 2022. Naye Wilberforce Talel alishinda mita 10,000 katika michezo hiyohiyo mwaka 2002, mjini Manchester, upande wa pili tu wa milima kutoka Yorkshire. Nimewahi kufikiri mtangazaji wa uwanja alipolitamka jina hilo kama kuna mtu wa Wilberfoss aliyekuwa jukwaani. Uganda nayo makamu wa rais wa kwanza alikuwa William Wilberforce Nadiope, Kyabazinga yaani mtawala wa jadi wa Busoga, mtu aliyebatizwa jina zima la mbunge wa Yorkshire, la kwanza na la ukoo.

Baba yangu mdogo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Fundi alipomtengenezea benchi la wageni, alichukua rangi nyeupe akaandika jina lake kwenye egemeo, ili benchi lisipotee likiazimwa matangani. Egemeo lilikuwa la mbao mbili zilizolala. Jina halikuenea kwenye ubao mmoja, kwa hiyo wa juu ukapata WILBER na wa chini ukapata FORCE. Benchi hilo limezunguka boma kwa boma, limenyeshewa, limekaliwa na wazee na watoto, na kila mara limerudishwa kwa sababu hakuna aliyeweza kudai ni lake. Niliposoma habari za Wilburh na mtaro wake niliona kwamba brashi ya baba mdogo ilikuwa imekata jina palepale Wasaksoni walipoliunga.

Nilimuuliza nani alimpa jina hilo.

"Mchungaji," alisema. "Nyumbani nilikwishapewa la babu. Kanisani mchungaji akamuuliza baba, huyu tumwandike nani? Baba akasema, wewe ndiye unayejua. Basi akaniandika Wilberforce."

"Na wewe, baba, ulikuja kujua lini ni jina la nani?"

"Darasani, mwanangu. Mwalimu alipolitaja katika historia, darasa zima lilinigeukia. Tangu siku hiyo sikukubali mtu anifupishie."

Kweli hakukubali. Wenzake wengi huitwa Wilber, wengine Willy, yeye ukimwita hivyo haitiki.

Kuna jambo moja zaidi ambalo ramani za majina ya koo haziwezi kulionyesha. Kwetu, jina la kwanza la baba mara nyingi huwa la pili au la mwisho kwa mtoto. Tanzania ndio utaratibu wa kawaida, jina lako, la baba, la babu. Kenya na Uganda familia hutofautiana, lakini wapo wengi ambao cheti cha kuzaliwa kinamalizikia na Wilberforce kwa sababu baba alibatizwa hivyo. Wakijisajili mahali panapodai jina la ukoo, wanaandika Wilberforce, na mfumo unawahesabu kama ukoo wa Wilberforce. Jina lililokuwa la kijiji likawa la ukoo, kisha la ubatizo, na sasa linarudi kuwa la ukoo kwa mtu ambaye babu yake hakuwahi kuisikia Yorkshire. Baada ya kizazi kimoja au viwili linapisha jina lingine. Halafu mtoto anazaliwa, anarithishwa jina la babu, na Wilberforce anaanza upya mbele.

Hesabu ya Galton na Watson haikai hapa. Kwao jina lilikwisha asipokuwepo mwana wa kiume. Kwetu binti wa Wilberforce hulibeba vilevile kama kaka yake, na babu asiye na mjukuu wa kiume kwa mwanawe hupata wa kwa bintiye. Kadhalika mtu baki humpa mtoto jina la rafiki au la mwalimu wake. Nawafahamu wanafunzi wa zamani wa baba mdogo waliowaita watoto wao Wilberforce kwa heshima yake. Hao hawamkumbuki mbunge, wanamkumbuka mwalimu wa hesabu aliyewakataza kukata tamaa.

Wapo wanaosema majina haya tuyaache, kwamba ni mabaki ya ukoloni. Nawaelewa, na wanangu mimi nimewapa majina ya kwetu pekee. Lakini jina la baba mdogo sitaki lifutwe. Limekaa hapa zaidi ya karne, limeandikwa kwenye mabenchi, vyeti vya ndoa na misalaba ya makaburi, na wenyewe wamelijaza maisha yao. Kinachonikera ni kwamba hakuna anayeliandikia historia. Uingereza kila tawi la Wilberforce limeandikwa kuanzia mababu hadi vitukuu. Kwetu hatuna hata orodha ya waliolipokea kwanza.

Orodha hiyo inaweza kupatikana. Daftari za ubatizo za parokia kongwe za Kianglikana zimeandika jina la mtoto, la mzazi, kijiji na tarehe, kama zile zilizoamriwa Uingereza mwaka 1538. Nimeanza na parokia alikobatizwa baba mdogo. Mzee anayezitunza amenikubalia nikae naye Jumamosi, baada ya mazoezi ya kwaya, tufungue daftari la zamani kuliko yote na kushuka ukurasa baada ya ukurasa mpaka tumkute Wilberforce wa kwanza, na jina la nyumbani lililoandikwa kando yake.